Pacha wa The Veldt na albamu iliyokaa kabatini miaka 34

Wapiga besi walibadilika, wapiga ngoma wakabadilika, kampuni zikabadilika, hata jina likabadilika. Ndugu wawili wa North Carolina wakabaki na muziki wao.

MWAKA 2023 iliingia sokoni albamu ya muziki wa roki iliyobeba tarehe ndani ya jina lake: Illuminated 1989. Tarehe hiyo haikuwekwa kwa urembo. Nyimbo zake zilirekodiwa London mwaka huo wa 1989 kwa gharama ya Capitol, moja ya kampuni kubwa za muziki za Marekani, kisha zikafungiwa kabatini. Walioziimba walikuwa vijana. Zilipowafikia wasikilizaji, wenyewe walikuwa watu wa makamo, na EMI, kampuni mama ya Capitol, ilikuwa imekwisha kununuliwa na Universal tangu 2012.

Bendi hiyo inaitwa The Veldt. Waanzilishi wake ni pacha, Daniel na Danny Chavis, Wamarekani weusi waliokulia Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina. Daniel ni mwimbaji na mpiga gitaa. Danny ni mpiga gitaa. Wengine wote waliopita katika bendi hiyo, na ni wengi, walikuja na kuondoka.

Mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba mzigo unaweza kukwama bila mzigo wenyewe kuwa na kosa. Bidhaa ni nzima, ushuru uko mfukoni, lakini ofisa anafungua kitabu chake na haoni fungu la kuiingiza. Si nguo, si chakula, si dawa. Mzigo unashushwa, unawekwa pembeni, na siku zinakwenda. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu wa Chavis. Tofauti ni kwamba siku zao ziligeuka kuwa miongo.

Kutoka kanisani hadi Chapel Hill

Kama watoto wengi weusi wa Kusini mwa Marekani, Daniel na Danny walijifunza kuimba kanisani. Sauti ya Daniel haijaacha asili hiyo hadi leo: ni sauti ya juu, laini, yenye kuvuta maneno kama waimbaji wa gospel na wa soul.

Kilichowatofautisha na wenzao ni walichokisikiliza walipokua. Katikati ya miaka ya 1980, bendi za Uingereza zilikuwa zimeanza kupiga gitaa kwa namna mpya. The Jesus and Mary Chain, ndugu wawili wa Scotland na wenzao, walitoa mwaka 1985 albamu ya Psychocandy, ambamo nyimbo tamu za mapenzi zilizamishwa ndani ya kelele za gitaa. Cocteau Twins, nao wa Scotland, walikuwa na mpiga gitaa Robin Guthrie, aliyepitisha kila noti katika vifaa vya mwangwi hadi gitaa likasikika kama kengele zinazolia chini ya maji. Pacha wa Raleigh waliisikia milio hiyo na kuona mahali ambapo sauti ya kanisani ingekaa vizuri.

Mwaka 1986 wakaunda bendi. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Raleigh uko Chapel Hill, mji wa chuo kikuu uliokuwa na ukumbi mashuhuri wa muziki, Cat's Cradle, na vijana wengi wenye magitaa. Ni katika mji huo ambako kampuni ya Merge ilianzishwa mwaka 1989 na wanamuziki wa bendi ya Superchunk, na hadi leo ipo. The Veldt walikulia kisanaa katika mazingira hayo. Vijana weusi walikuwa wachache mno humo.

Jina walilitoa kwenye hadithi fupi ya mwandishi Ray Bradbury. Inahusu watoto wenye chumba cha michezo ambacho kuta zake huonyesha mbuga ya Afrika yenye jua kali na simba, hadi mbuga ile inapokuwa ya kweli kuliko wazazi wao. Neno lenyewe ni la Kiafrikaana, na maana yake ni uwanda wa nyasi wa kusini mwa Afrika. Bradbury aliichapisha hadithi hiyo mwaka 1950 kwa jina jingine, akaibadilisha jina mwaka uliofuata. Bendi iliyoazima jina hilo nayo ingekuja kubadilisha la kwake.

Muziki wa kutazama viatu

Aina ya muziki wanayohesabiwa nayo inaitwa shugezi, yaani kutazama viatu. Jina hilo lilitoka kwa waandishi wa magazeti ya muziki ya Uingereza, tena kwa kejeli. Wapiga gitaa wa bendi hizo walikuwa na safu ya pedali sakafuni, vifaa vidogo vya kukanyaga kwa mguu ambavyo hubadilisha mlio: hiki cha mwangwi, kile cha kukwaruza, kingine cha kuyumbisha sauti. Mpigaji alilazimika kuinama muda wote ili ajue akanyage kipi. Kwa mtazamaji ilionekana kama mtu anayeangalia viatu vyake jukwaani.

Muziki wenyewe ni rahisi kuutambua. Magitaa mawili au matatu hurundikwa hadi hayatofautishwi tena, na mlio unakuwa kama ukuta. Mwimbaji haimbi juu ya ukuta huo. Anaimba ndani yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea mvua ikinyesha juu ya bati. My Bloody Valentine, Ride, Slowdive na Lush ndizo bendi za Uingereza na Ireland zilizoupa umaarufu kati ya 1988 na 1992. Marekani nako zilizuka: Drop Nineteens na Swirlies huko Boston, Medicine huko Los Angeles.

Karibu zote hizo zilikuwa bendi za vijana weupe. Lakini miongoni mwa waliotangulia walikuwamo weusi. A.R. Kane, wanamuziki wawili weusi wa London, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1988 wakiuita muziki wao wa ndotoni, na wengi walioandika historia ya shugezi baadaye wamewarudia. Ng'ambo ya Atlantiki walikuwapo The Veldt. Hata hivyo The Veldt hawakuificha sauti ya mwimbaji ndani ya ukuta. Daniel aliimba kwa kifua, kama mtu wa kwaya, na magitaa yakamzunguka.

Mkataba mkubwa, mzigo kabatini

Capitol waliwasaini The Veldt mwishoni mwa miaka ya 1980. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikisambaza kazi za Cocteau Twins nchini Marekani, hivyo ndugu wakapata walichokitamani: Robin Guthrie mwenyewe akawa mtayarishaji wa albamu yao. Walivuka bahari hadi London, wakarekodi.

Kisha kampuni ikaamua kutoitoa albamu hiyo, na mkataba ukafika mwisho.

Kwa anayefanya biashara ya bidhaa, jambo hili linahitaji maelezo. Katika mikataba ya kawaida ya kampuni kubwa za wakati ule, kampuni ilitoa malipo ya awali na kugharamia studio, halafu ikajirudishia fedha hizo kutoka katika mgawo wa msanii kabla msanii hajapata chochote zaidi. Kanda ya asili, ile ambayo nakala zote hutokana nayo, ilibaki mali ya kampuni. Anayechukua mali kauli akashindwa kuiuza, humrudishia mwenyewe mzigo wake. Mwanamuziki hakurudishiwa. Kampuni ikiamua kutouza, kazi ilikaa kabatini, na msanii hakuwa na haki ya kuibeba kwenda kuiuza dukani kwingine. Akitaka kuendelea alianza upya, na nyimbo nyingine.

Kwa nini kampuni ilipe gharama kisha isiuze? Ndugu wa Chavis wamesema katika mahojiano zaidi ya moja kwamba watu wa kampuni hawakujua wawaweke wapi. Maneno hayo yanaeleweka ukitazama jinsi soko la muziki la Marekani lilivyopangwa.

Jarida la Billboard, ambalo orodha zake za mauzo ndizo dira ya biashara hiyo, hadi 1949 liliuweka muziki wa watu weusi katika orodha iliyoitwa waziwazi ya rangi yao. Mwaka huo jina likawa Rhythm and Blues. Mwaka 1982 orodha ikarudi tena kwenye rangi: ikaitwa orodha ya nyimbo za weusi, na ikabaki hivyo hadi 1990. Maana yake, siku The Veldt walipokuwa studio London, orodha rasmi ya biashara ya nchi yao ilikuwa bado inapanga nyimbo kwa rangi ya ngozi.

Kampuni nazo zilijipanga kufuata orodha. Tangu miaka ya 1970 kampuni kubwa zilikuwa na idara maalumu ya muziki wa weusi, yenye bajeti yake na watu wake wa kupeleka nyimbo redioni. Redio za weusi zilipiga soul, funk na baadaye rap. Redio za roki zilipiga bendi za weupe. Dukani rafu zilifuata mpango huohuo. Televisheni ya MTV, iliyoanza 1981, ililaumiwa miaka yake ya mwanzo kwa kuwanyima weusi nafasi, na mwaka 1983 David Bowie alimwuliza mtangazaji wake hilo moja kwa moja mbele ya kamera.

Haya yote yalitokea katika muziki ambao weusi walikuwa miongoni mwa waasisi wake. Sister Rosetta Tharpe alikuwa akipiga gitaa la umeme makanisani na kwenye majukwaa kabla roki haijapata jina. Chuck Berry na Little Richard waliujenga. Jimi Hendrix, aliyefariki 1970, ndiye ambaye wapiga gitaa wengi duniani bado wanajipima kwake. Mwaka 1985 wanamuziki na waandishi weusi wa New York, akiwamo mpiga gitaa Vernon Reid, waliunda umoja wa kudai nafasi yao katika roki. Bendi ya Reid, Living Colour, ilipata mafanikio makubwa na albamu ya 1988.

Mafanikio hayo yalifungua mlango, lakini mlango wa kipimo kimoja. Living Colour walikuwa bendi ya kasi na nguvu, yenye gitaa la kuonyesha ufundi. Muziki wa The Veldt ulikuwa wa taratibu, wa ukungu na mapenzi. Hata kwenye rafu mpya ya roki ya weusi hawakuenea.

Kampuni ya pili

Ndugu hawakuvunja bendi. Walipata kampuni nyingine kubwa, Mercury, na mwaka 1992 wakatoa Marigolds kupitia Stardog, tawi dogo la kampuni hiyo. Mwaka 1994 ikatoka albamu kamili, Afrodisiac, kwa jina la Mercury yenyewe. Hiyo ndiyo kazi iliyowafanya wajulikane kwa wapenzi wa muziki huo. Katika miaka hiyo walipanda jukwaa moja na bendi walizozisikiliza wakiwa vijana: Cocteau Twins, The Jesus and Mary Chain, Lush.

Bahati haikuwa upande wao kwa upande wa wakati. Septemba 1991 Nirvana walikuwa wametoa Nevermind, na kampuni zote zikaelekeza fedha zao kwa bendi za Seattle na waliofanana nazo. Uingereza nako upepo uligeuka kuelekea Oasis na Blur. Kufikia 1995 shugezi ilikuwa bidhaa ya msimu uliopita hata ilikozaliwa: Slowdive waliachwa na kampuni yao mwaka huo, na My Bloody Valentine hawakuwa na albamu mpya. Kama wenye jina kubwa walikosa wateja, bendi ya weusi kutoka North Carolina haikuwa na wa kuitetea katika vikao vya kampuni.

Mercury nao wakaachana nao. The Veldt wakaendelea kwa kampuni ndogo, wakatoa Universe Boat mwaka 1996 na Love at First Hate mwaka 1998. Wenzao jukwaani walikuwa wakibadilika. Hilo ni jambo la kawaida kwa bendi isiyo na mshahara: mpiga besi ana kodi ya nyumba, mpiga ngoma ana mtoto, na anayepata kazi ya uhakika huondoka bila ugomvi. Bendi nyingi hufa hapo. Hii haikufa kwa sababu wawili wa katikati hawakuwa wabia tu. Walikuwa wana wa tumbo moja.

Jina jipya, wenzi wapya

Mwishoni mwa muongo huo jina la The Veldt likawekwa chini. Ndugu walihamia New York, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaunda kikosi kingine kwa jina jingine: Apollo Heights. Waliojiunga nao ni pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa Honeychild Coleman na mpiga besi Hayato Nakao. Mashine za midundo zikachukua nafasi kubwa zaidi kuliko zamani, lakini ukuta wa gitaa wa Danny na sauti ya Daniel vilibaki palepale.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza kama ilikuwa busara kuacha jina lililokwisha kujulikana. Jina ni mtaji. Mteja aliyenunua mara moja hurudi akiuliza jina. Lakini jina lililobeba mikataba miwili iliyovunjika huwa pia kama duka lenye deni: kila anayepita huulizia yaliyotokea, si kilichopo rafuni. Kwa jina jipya walisikilizwa upya.

New York ya miaka hiyo ilikuwa na masikio zaidi. Mwaka 2001 ilizaliwa Brooklyn bendi ya TV on the Radio, yenye wanamuziki weusi waliochanganya soul, gitaa la kelele na mashine, na safari hii magazeti na wanunuzi waliwapokea kwa shangwe. Mwaka 2003 ikatoka filamu ya James Spooner kuhusu vijana weusi katika muziki wa panki, na kutoka humo likaanzishwa tamasha ambalo sasa huvuta maelfu. Njia ambayo pacha wa Chavis waliipita peke yao mwaka 1989 ilikuwa imeanza kuwa barabara.

Mwaka 2007 Apollo Heights walitoa albamu yao, na jina waliloipa lilikuwa jibu la miaka 20: White Music for Black People, yaani muziki wa weupe kwa ajili ya watu weusi. Waliosikia kejeli ndani ya jina hilo hawakukosea. Miongoni mwa walioshiriki walikuwamo Robin Guthrie, aliyewarekodi London miaka 18 nyuma, na Dave Sitek wa TV on the Radio. Mmoja alikuwa mwalimu wao. Mwingine alitoka katika kizazi kilichokuja baada yao.

Kurudi kwa jina la zamani

Wakati huo soko lenyewe lilikuwa linageuka. My Bloody Valentine walirudi jukwaani mwaka 2008 na kutoa albamu mwaka 2013. Slowdive walirudi 2014. Vijana waliozaliwa baada ya bendi hizo kuvunjika walikuwa wamezikuta kwenye intaneti, ambako hakuna rafu ya weusi wala ya weupe, na mtu hupita kutoka wimbo hadi wimbo kwa kufuata masikio yake.

Pacha wakalifuta vumbi jina la zamani. Mwaka 2016 The Veldt walitoa kazi mpya yenye jina refu kuliko zote, The Shocking Fuzz of Your Electric Fur: The Drake Equation. Hayato Nakao alivuka nao kutoka Apollo Heights, kwa hiyo mpiga besi wa jina la pili akawa mpiga besi wa jina la kwanza. Mwaka 2022 ikafuata albamu ya Entropy Is the Mainline to God. Magazeti ya muziki yaliyokuwa yamewapita bila kuwaona yakaanza kuwataja kama waasisi.

Ndipo mwaka 2023 ile kazi ya London ikatoka kabatini. Iliyoitoa si Capitol. Ilitoka kwa njia ya wadogo, wale wanaochapa nakala chache na kuziuza kwa wanaozitafuta. Anayeisikiliza leo atashangaa jinsi isivyochakaa: ni utayarishaji wa Guthrie katika ubora wake, na juu yake sauti ya kijana wa kanisani wa Raleigh. Mwaka 1989 ingekaa rafu moja na bora za aina yake, kama ingepewa rafu.

Wauzaji wa masoko yote ya Afrika Mashariki hupenda kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli pale chema kinapowekwa mezani mteja akakiona. The Veldt walikuwa na chema, na kwa miaka 34 mteja hakukiona, kwa sababu mwenye ufunguo wa ghala hakuwa na jina la kukiita. Hasara hiyo hairudi. Miaka ya ujana wa mwanamuziki hailipwi fidia, na safari ambazo albamu ya 1989 ingewafungulia hazikufanyika.

Kilichobaki ni kile ambacho hakikuwa cha kampuni. Kanda zilikuwa za Capitol, mkataba wa pili ulikuwa wa Mercury, na wapiga besi na wapiga ngoma walikuwa na maisha yao. Mlio wa gitaa la Danny na sauti ya Daniel havikuandikwa katika mkataba wowote. Walivibeba kutoka Raleigh hadi London, kutoka Chapel Hill hadi New York, chini ya majina mawili, hadi walipokutana na wanunuzi ambao hawakuulizia fungu la bidhaa kabla ya kufungua masikio.